Kitenge Kilichopewa Jina Sokoni Sake

Ninyi mliobaki kwenye mashini za kushonea za depo mmeniuliza mara nyingi kwa nini kila mwaka, mwezi wa kumi na moja ukifika, nilikuwa nagombana na kila mtu juu ya vitenge. Sasa nimestaafu. Niko nyumbani kutwa nzima, na mke wangu Mama Neema amechoka kuniona. Jana alinitupia daftari na kalamu: "Andika, utoke kwangu jikoni." Basi naandika, tena jikoni.

Nianze kwa kusema ukweli: mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka daraja la mji wetu wa Sake nahesabu kwamba nimesafiri. Shule nilimaliza sekondari, sehemu ya ushonaji, wasichana ishirini na nane na mimi. Hawakunionea haya, walinisimamisha mbele ya darasa na kunivalisha kila walichokikata. Hadi leo nikiona pini naingiza tumbo ndani.

Depo yetu, wakati naanza, ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la Mama Kavira. Mama huyu alitoka upande wa Butembo, mfanyabiashara wa vitambaa, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Yeye na akina mama wenzake walikuwa wameanza kazi ya kuwavisha, siku ya Noeli, askari majeruhi wa serikali waliolazwa kambini Mubambiro, pamoja na wake zao na watoto wao. Si chakula, si sabuni. Hivyo wengine walileta. Nguo. Maana ninyi mnajua kwetu: mtoto asiye na nguo mpya siku ya Noeli hatoki nje. Anasikiliza sikukuu ya wenzake kupitia ukuta.

Siku yangu ya kwanza Mama Kavira aliniwekea suruali mezani. "Mwenyewe hana mguu wa kushoto, kuanzia juu ya goti. Tengeneza."

Nikakata mguu wa kushoto wa suruali, nikapiga pindo, nikapiga pasi. Kazi safi. Nikamwonyesha nikiwa nimejaa sifa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Na mguu wa mbao ukikuja kesho, utavaa nini? Suruali ya jirani?"

Nilikiunganisha tena kile kipande mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo sikukata suruali ya majeruhi hata moja. Inakunjwa kwa ndani, inashikizwa kwa mishono mirefu, milegevu, ambayo mke wake anaweza kuifumua kwa ncha ya kisu siku mguu wa mbao ukifika. Wengi haukuwafikia. Lakini mwanamume anajua kitambaa kipo mle ndani kinamsubiri, na hilo linambadilisha namna anavyokaa kwenye benchi. Naomba mlishike, hata kama hamtashika kingine.

Alinifundisha pia kupima. Majeruhi hapimwi kuanzia pale alipoumia. Unaanza mabegani, unateremka kifuani, unaongea upuuzi, na ukifika kule chini amekwisha kukuzoea. Na upuuzi ulikuwa kwa pande zote mbili. "Papa Fundi," waliniambia, "kwangu utaokoa kitambaa, basi uniongezee mufuko." Mwingine, asiye na mkono, aliniuliza kama mkono wa shati nitaufuta au nitaupa likizo tu. Niliwajibu kwamba mimi ndiye mwenye kustahili likizo, maana kutoka dukani hadi kambini ni kilomita nzima na zaidi, na viatu vyangu ni vya kukalia.

Somo la tatu lilihusu familia za mbali. Wake wengine hawakukaa kambini. Maisha ya kambi yaliwashinda, wakarudi kwa wazazi wao, Masisi juu au porini Walikale, kulima. Na huko mara nyingi walioshika bunduki walikuwa wa upande ule uliopigana na waume zao. Kwa hiyo kifurushi cha kwenda huko kilikwenda bila karatasi, bila jina, bila alama ya kamati ya akina mama. Kilifungwa kama biashara ya kawaida, kikapita mikononi mwa watu wawili watatu, kikafika kama zawadi ya mume aliyekwenda kuchimba madini. Mama Kavira alikuwa akikagua kila kifurushi mwenyewe. Alikunusa hata wewe uliyekifunga.

Miaka ikaenda hivyo. Mama Kavira akazeeka, miguu ikavimba, akarudi kwao kukaa na binti yake. Akaniachia ufunguo wa depo na mkasi wake mkubwa. Mwaka uleule wa kwanza bila yeye, mimi, mwenye sekondari yangu, nikapata wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na mtanisamehe nikisema hivyo. Kila Noeli tulishona mabaki: huyu maua, yule mistari, yule vitenge viwili vilivyokutana kwa bahati mbaya. Nikasema mwaka huu familia zote za majeruhi zitavaa kitenge kimoja, kama familia zinavyofanya kwenye harusi. Waonekane. Nikachagua mwenyewe: rangi ya machungwa, duara kubwa nyeusi, na ndani ya kila duara ndege mweupe. Kilionekana ukiwa Goma. Nilishona wiki tano. Mama Neema alisema siku hizo nilikuwa naota kwa rangi ya machungwa.

Katika familia hizo ilikuwemo ile ya Kaporali Safari. Alikuwa amepoteza mguu wa kulia chini ya goti, kijana bado, mtulivu, mtu wa kukutazama mikono unapofanya kazi. Mke wake, Mama Furaha, alikuwa kwa wazazi wake huko Ntoto, Walikale, na watoto wawili. Kijijini ilijulikana kwamba bwana wake ni mchimba madini. Nilipomwuliza Kaporali vipimo vya watoto, alinyoosha kiganja juu ya godoro: "Furaha iko hivi. Baraka iko hivi." Nikaandika. Sikuuliza aliwaona lini mara ya mwisho. Ilikuwa miaka miwili na nusu.

Kifurushi cha Ntoto kiliondoka Alhamisi, wiki moja kabla ya Noeli, na lori la Papa Paluku, ndugu wa Mama Kavira, anayepandisha chumvi na sabuni hadi Nyabiondo. Toka hapo mama mmoja mchuuzi angekibeba kwa miguu hadi Ntoto. Nilikikagua mara tatu. Hakuna karatasi. Hakuna jina. Nikajipongeza.

Jumapili wake wa Mubambiro walivaa. Walitembea barabarani kwenda misani, wanawake na watoto, rangi ya machungwa kutoka kambini hadi Sake, na mimi nilisimama kando ya barabara kama baba wa maharusi. Wachuuzi sokoni wakaacha kuuza wakasimama kutazama. Sasa, mnajua akina mama wa soko wanavyofanya na kitenge kipya. Hawawezi kukiacha bila jina. Kila muundo una jina lake, na jina likishatolewa hakuna atakayeliondoa, hata aliyekitengeneza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kambini kurekebisha mashati. Kaporali Safari alikuwa ameketi kitandani, magongo magotini, ananingoja. Mwanamke mwuza maziwa, mleta habari za soko, alikuwa ametoka tu.

"Papa Fundi. Ile kikwembe ya bibi yangu, ulishaituma?"

"Tangu Alhamisi. Itafika tu, usiogope."

"Unajua banaiita nani kule soko?"

"Bado."

"'Bwana Iko Mubambiro.'"

Nilicheka kwanza. Naandika hili ili mnijue vizuri. Nilicheka, nikaona jina linapendeza, halafu nikaona uso wake.

"Bibi yangu atavaa ile kikwembe siku ya Noeli, mbele ya bantu bote," alisema taratibu. "Na batoto pia. Na bale bantu ba bunduki banakujaga pale misani, banasalia kama sisi. Wachuuzi banatoka huku, banafika kule. Ni siku ngapi, Papa Fundi?"

Siku tatu. Nilikuwa nimeondoa karatasi, nimeficha jina, nimenyamazisha watu watatu, kisha nikaweka bendera ndani ya kifurushi.

"Nitaenda," nikasema.

Akanitazama toka viatuni kwenda juu. "Wewe? Wewe unachokaga kwa kufika hapa."

"Nitaenda nikichoka."

Sikuwa shujaa. Simu ya kule haikushika. Kumtuma mtu mwingine kungemaanisha kumweleza mtu mwingine, na watu wa kueleza tulikuwa tumeshapita idadi. Nilirudi dukani nikachukua mkasi, sindano, nyuzi, na kitenge cha bluu kisicho na jina lolote, cha kubadilishana. Mama Neema alinifungia viazi na kuniuliza nitarudi lini. Nikasema baada ya Noeli. Katika miaka yetu yote sikuwa nimelala nje siku ya Noeli. Alidhani nimepata mwanamke. Kisha akanitazama vizuri, akaliondoa wazo hilo. Aliliondoa haraka mno.

Papa Paluku alikuwa anapandisha lori jingine. Nikapanda juu ya magunia ya chumvi. Kutoka Sake kwenda Masisi barabara ile inapanda milima ya malisho, kijani kila upande, ng'ombe wamesimama kwenye miteremko ambako mimi ningesimama kwa mikono na magoti. Mara mbili lori lilizama kwenye matope, tukashuka kusukuma. Jioni lilizama mara ya tatu na halikutoka. Tulilala kwa mfugaji mmoja aliyetupokea bila maswali, akatupa maziwa ya moto kwenye vikombe vya bati. Aliponiuliza kazi yangu nikasema fundi wa nguo, naenda kutafuta kazi ya Noeli.

"Huku?" akauliza. "Ng'ombe zangu hazivaagi."

Kesho yake jua likiwa linateremka tulifika Nyabiondo. Nilikuwa bado napangusa chumvi mgongoni niliposikia mwanamke mmoja kwenye kibanda cha sabuni akimwambia mwenzake, kwa furaha kabisa, kwamba mwaka huu kikwembe cha kisasa ni kile cha ndege, Bwana Iko Mubambiro, shemeji yake amekiona kwa macho yake, na kwamba kesho wanashuka Ntoto wakasali Noeli kwa dada yake na wataona kama huko wanacho.

Jina lilikuwa limenitangulia. Mimi na lori tulikuwa tunakwenda kwa matope. Lenyewe lilikwenda kwa mdomo.

Jumatano, siku ya mkesha, niliondoka alfajiri kwa pikipiki, na pikipiki ilipokataa nikaendelea kwa miguu, na mwenyeji mmoja akinionyesha wapi kupita. Sitawaeleza mito. Kuna mti mmoja uliolazwa juu ya maji niliouvuka nimekaa, kama mtoto juu ya punda, na mama mmoja mwenye mzigo wa mihogo kichwani alinipita wima, akaniambia "Pole, Papa" bila kugeuka. Baada ya saa sita mchana nilikuwa Ntoto.

Nikatangaza kazi yangu kwa sauti: fundi, fundi wa nguo za Noeli. Hilo lilikuwa kweli, na fundi anaingia kila nyumba. Walinionyesha kwa Mama Furaha kwa sababu, walisema, amepokea nguo kutoka kwa bwana wake na haziingii watoto.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mikono ya kulima. Nguo zangu zilikuwa zimetandazwa kitandani, rangi ya machungwa tupu, chumba kizima kinang'aa kwayo. Furaha alikuwa amevaa gauni lake hadi pale lilipokwama, kwenye makwapa, na mikono yake imesimama juu. Msichana huyu hakuwa "hivi". Alikuwa hivi na nusu.

Nilimwomba atume watoto kuteka maji. Walipotoka nikamwambia: "Mama, nimetoka Mubambiro. Kaporali Safari ni mzima. Amenituma."

Aliketi. Hakupiga kelele. "Mguu inamuuma?"

"Siku za mvua."

"Anakula?"

"Anakula. Mama, sikiliza. Hiki kitenge." Nikamweleza yote: Jumapili, soko, jina, wanawake wa Nyabiondo watakaokuwa misani kesho. Nikatoa kile cha bluu. "Nitachukua hiki, nikuachie hiki. Nitashona usiku kucha ikibidi. Nisamehe, kosa ni langu."

Alikishika kile cha bluu, akakipima kwa kidole gumba na cha shahada kama mtu anayejua, akakirudisha.

"Papa Fundi, jirani bote walishaona hii ya ndege. Tangu jana banakuja kushika-shika. Ukiibeba leo, kesho atakuja ule mama wa Nyabiondo na kutamuka ile jina, na mimi nitakuwa njo ule muntu alikuwa nayo na akaificha. Kuficha iko mubaya kuliko kuvaa."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Ile akili yote ya sekondari, siku tatu njiani, na sikuwa nimefikiria hivyo. "Basi tufanye nini?"

Akazitazama nguo muda mrefu. Kisha akauliza: "Iko vitambaa ngapi ya kichwa hii, ukifumua yote? Yangu, ya batoto, yote?"

Nikahesabu kwa macho. "Kama ni vitambaa vya kichwa, ishirini na tano. Nikibana, ishirini na saba."

"Korali yetu iko bamama ishirini na tatu," alisema. "Tangu vita ianze hawana sare."

Nawaambia ninyi mafundi, kwa sababu wengine hawataelewa. Gauni lile la Mama Furaha nilikuwa nimeliwekea mikono ya kupuliza, shingo ya mraba yenye mkanda mwembamba wa kushikilia, mshono usioonekana ubavuni. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule. Nilishika mkasi wa Mama Kavira na mkono ukakataa. Mama Furaha akauchukua mkasi mkononi mwangu, akaingiza kwenye shingo ya mraba, akakata hadi chini kwa mkupuo mmoja. "Sasa hakuna ya kulilia," akasema. "Endelea."

Ilibidi kiongozi wa korali ajue. Mama Anastazia alikuwa mjane, mnene, mpole wa sura na mkali wa ulimi. Aliitwa, akaja, akaona kitanda kimejaa vipande.

"Mama Anastazia," Mama Furaha akasema, "bwana wangu ametuma kitenge kwa korali."

Mama Anastazia alinitazama. Akautazama mkasi. Akamtazama Mama Furaha muda unaotosha kusali Salamu Maria.

"Bwana wako wa madini?"

"Ndiyo, Mama."

"Tunashukuru sana bwana wako wa madini." Akavuta kiti. "Leta sindano. Na uite wengine, jua haitatungoja."

Nilielewa hapo kwamba Ntoto yote ilikuwa inajua, au walau Ntoto ya akina mama. Walikuwa wakimlinda kwa kutouliza, mwaka wa tatu sasa, na mimi ndiye niliyekaribia kuwaharibia kazi. Hadi giza linaingia tulikuwa wanawake kumi na mmoja na mimi tukipiga pindo kwa mkono, na nilirudi darasani kwangu kabisa: walicheka mishono yangu, walicheka viatu vyangu, mmoja aliuliza kama nimeoa au bado naogopa. Kile cha bluu nilikitumia kwa watoto, nikiwapima safari hii mwilini, si kwa kiganja cha baba yao.

Asubuhi kanisa lilijaa. Katekista ndiye aliyeongoza, padri hakuweza kufika. Korali iliingia mwisho, ndege weupe vichwani, duara nyeusi, machungwa. Wazee wawili na mama wa katekista nao walipewa, kufikisha ishirini na sita. Kipande kimoja kilibaki mfukoni mwa Mama Furaha. Watu wa bunduki walikuwa sita. Walisimama nyuma, bunduki zimelala ukutani nje, mmoja akizilinda. Walijua nyimbo zote. Nilijaribu kusali nikajikuta nahesabu vichwa.

Baada ya ibada, uwanjani, mambo yakatokea upesi. Yule mwanamke wa Nyabiondo alitoka kanisani, akaona korali, akapiga makofi.

"Heee! Hata huku inafika! Bwana Iko Mubambiro!"

Mkubwa wa wale sita, kijana mwenye buti ndefu, aligeuka. "Umesema nini?"

Mwanamke yule akaona aliyemwuliza, na furaha ikamtoka usoni. "Njo... njo jina ya kikwembe, kaka. Banasema hivyo kule soko. Ni ya babibi ba..."

Mama Furaha alikuwa katikati ya mstari wa pili. Aliendelea kumfunga Baraka kifungo cha shati, na vidole vyake havikukosea.

Mama Anastazia akasogea mbele na tumbo lake lote.

"Banasema bwana iko Mubambiro?" akauliza kwa sauti ya korali. "Basi sisi bote tuko na bwana mumoja! Bamama ishirini na sita! Na mimi mujane wa miaka kumi na moja, Mungu amenikumbuka! Katekista, kuja utufungishe ndoa, twende tumutafute, maskini, bwana wa bamama ishirini na sita, atakuwa amekonda!"

Alianza kucheka yeye mwenyewe, na kicheko chake kilikuwa kikubwa, kikachukua mstari wa kwanza, kikachukua wa pili, kikawachukua wazee waliovaa vitambaa shingoni. Bibi mmoja asiye na meno alipiga vigelegele vya harusi. Yule kijana alisimama akimtazama mmoja baada ya mwingine, kila kichwa ndege yuleyule. Kulikuwa na wengi mno. Mdomo ukaanza kumcheza, akauzuia, ukamshinda.

"Na mimi sipati?" alisema. "Korali inapata, bazee banapata. Mimi pia nimeimba."

Ndipo Mama Furaha alipotoka kwenye mstari, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile cha ishirini na saba. Akakikunjua, akakinyoosha, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni. "Noeli njema, kaka."

Akakifunga shingoni. Wenzake walimcheka njia nzima ya kuteremka, nasi tukasikiliza kicheko chao mpaka miti ikakifunika. Hapo nikaketi chini, pale pale uwanjani, na suruali yangu ya misa.

Tangu mwaka ule, hadi nimeacha kazi, hakuna familia mbili zilizotoka depo na kitenge cha aina moja, na cha kwenda mbali hakikununuliwa kabla sijauliza sokoni kinaitwaje. Mlidhani ni ukaidi wa uzee. Mtafutaji wa vitambaa alinikasirikia, mhasibu alinikasirikia, mmoja wenu, simtaji, aliniita jenerali wa matambara. Vizuri. Ulizeni majina. Yakibadilika, ulizeni tena. Na vipimo vya watoto vichukueni kwa aliyewaona mwezi huu.

Nilifika Mubambiro siku tano baada ya Noeli, kiatu kimoja kimefungwa kwa uzi. Kaporali Safari alikuwa nje, amesimama kwa magongo getini. Waliniambia alisimama pale kila siku. Nilimweleza papo hapo, yote, mkasi, korali, mjane, shingo ya kijana yule. Nilipofika kwenye bwana wa mama ishirini na sita alicheka hadi gongo moja likaanguka, nikamshika. Kisha akatulia, akapangusa macho.

"Na yeye? Alivaa nini, kama ulikata yote?"

"Kitambaa kichwani kama wenzake. Na kitenge chake cha zamani, cha kijani. Kimechujuka kidogo hapa kiunoni."

"Ya kijani, iko na majani-majani?"

"Hicho."

Akageukia barabara, upande wa milima.

"Ile nilimununulia mimi," akasema.